Kimya Hakiandikwi

Kazi yangu ni masikio na vidole.
Naketi chini ya kiti cha Spika, Oslo,
naandika kila neno wanalolitema,
na pasipo na neno natia mabano:
(Makofi.) (Kicheko.) (Kelele upande wa kushoto.)

Leo ni ruzuku ya magari ya umeme,
iendelee, ipunguzwe, ama izikwe na theluji ya mwaka huu.
Saa tisa unusu alasiri, nje giza limeshaingia.

Mheshimiwa Tvedten anasimama, tai imemkaa.
Anasema hewa ya jiji sasa inavutika,
mjukuu wake ameacha kukohoa usiku,
na jema likilipiwa hadi nusu ya njia
ni fedha iliyotupwa.
(Makofi.)
Namwamini. Kikohozi cha mtoto hakina chama.

Mheshimiwa Brekkhus anainuka hata hajaitwa.
Anauliza: keki hii ameila nani?
Anajijibu: wenye gereji mbili na nyumba ya mapumziko mlimani,
gari la pili la mke, la tatu la kijana aliyefaulu mtihani,
yote bila kodi,
huku mlipa kodi wa kaskazini
akibembeleza dizeli yenye umri wa mwanawe.
(Kelele.)
Namwamini naye. Ndiyo ila ya kazi hii:
asemaye vizuri namwamini mpaka aketi.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake,
na ngozi ni hiyo hiyo moja.

Kisha Mheshimiwa Risten Varsi, wa chama kidogo,
sauti ya chini, karatasi moja iliyokunjwa mara nne.
Anauliza fedha yenyewe imetoka wapi.
Hakuna anayejibu, maana hakuna asiyejua:
imetoka chini ya bahari, nyeusi, inanuka,
tumewauzia wengine wakaichome kwao
ili sisi tuteleze kimya kimya kwetu.
"Tumenawa, waheshimiwa,
na maji machafu tumemmwagia jirani."

Vidole vyangu vinaning'inia hewani.
Hakuna mabano ya jambo hili.
Niliuliza mwaka wangu wa kwanza kazini,
nikaambiwa: kimya hakiandikwi.

Dada yangu Ragnfrid ni muuguzi wa majumbani, Vadsø.
Wazee kumi na mmoja, kilomita mia na tisini kwa siku,
bandeji, vidonge, soksi za kubana miguu.
Baridi ikifika ishirini na saba chini ya sifuri
anachomeka waya kwenye injini usiku kucha, isigande.
"Unaona," aliniambia akicheka,
"hata dizeli yangu inalala na umeme."
Alipiga hesabu ya gari jipya nyuma ya bahasha,
mara mbili, kwa kalamu ya risasi,
kisha bahasha akawashia jiko.

Hoja inarudishwa kwenye kamati.
Wanavaa makoti. Tvedten anamshikia Brekkhus mlango,
wanaulizana habari za magoti.

Nashuka maegeshoni.
Gari langu linaningoja ukutani, jekundu, taa ya kijani inapepesa.
Nililinunua miaka mitano iliyopita kwa msamaha ule ule,
na siku ile sikuuliza keki ni ya nani.
Nachomoa waya. Una joto kidogo,
kama kiganja kilichotoka kushika kikombe.

Simu inatetemeka. Ragnfrid:
*Wamesemaje juu yetu?*

Naketi nyuma ya usukani, nafungua kurasa za leo, natafuta.
"Kaskazini" limetajwa mara kumi na nne.
"Muuguzi," hata mara moja.
Naandika: *Wamekutaja.* Nafuta.
Naandika: *Bado.* Nafuta.
Huko juu anaona vile vidoto vitatu
vikija, vikienda, vikija.